Ushuru wa mkate na bei ya makaa Berlin kabla ya 1914: nani alimkamua mfanyakazi?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja nikiwa na upande wangu tayari. Maisha ya mfanyakazi wa Berlin yalipandishwa gharama kwa makusudi, na waliofanya hivyo walikaa bungeni, si sokoni. Mwaka 1879 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipitisha ushuru wa marki 10 (marki ni pesa ya Ujerumani, yenye fenigi 100) kwa kila tani ya nafaka kutoka nje. 1885 ukawa 30, 1887 ukawa 50. Caprivi, kansela aliyemfuata, akaushusha hadi 35, halafu sheria ya 1902, iliyoanza kutumika Machi 1906, ikaurudisha kwenye 50 kwa rai (nafaka ya mkate mweusi, mkate wa maskini kule) na 55 kwa ngano. Waliochekelea ni mamwinyi wenye mashamba makubwa mashariki ya mto Elbe.

Tupige hesabu. Marki 50 kwa tani ni fenigi 5 kwa kilo. Nyumba inayokula kilo 2 za mkate kwa siku inatoa fenigi 10, yaani marki 36 na ushee kwa mwaka. Mpakia makaa ya mawe wa Moabit, mtaa wa wafanyakazi Berlin, mwaka 1910 alilipwa fenigi 43 kwa saa. Kwa hiyo anatoka jasho zaidi ya saa 80 kulipia ushuru wa mkate peke yake. Nyama hajaigusa bado.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeugeuza ushuru wote kuwa bei ya mkate. Njiani kuna msagaji, mwokaji na muuzaji, na kila mmoja ana bei zake. Pia hukusema ushuru ulitokana na nini: reli na meli za mvuke zilileta nafaka ya Marekani na Urusi kwa bei ya kutupa, wakulima wakaanza kuzama. Wangeachwa wazame, wangejaa Berlin kutafuta vibarua na kushusha ujira wa hao hao unaowatetea. Halafu mfanyakazi wa 1910 alikula nyama zaidi kuliko babu yake. Hilo mbona umeliruka?

Mchangiaji wa pili

Umeitaja nyama, ngoja nikujibu hapo hapo. Mipaka ilibanwa kwa kisingizio cha magonjwa ya mifugo, na sheria ya 1900 ikapiga marufuku hata nyama ya kopo na soseji kutoka nje. Bei ikaruka mpaka Oktoba 1912 jiji la Berlin lenyewe likaleta nyama ya Urusi, iuzwe kwa bei iliyopangwa. Pale soko la ndani la Wedding, mtaa mwingine wa wafanyakazi Berlin, wenye mabucha wakagoma kuiuza. Kina mama waliokuwa wamefika na vikapu vyao wakawavamia kwenye meza zao.

Watu husema walikosea adui, kwamba wangewafuata wabunge. Kwa njia gani? Januari mwaka huo huo SPD, chama cha wafanyakazi kilichopiga kelele dhidi ya ushuru huu, kilipata viti 110 kati ya 397, lakini kwa kura za wanaume. Mwanamke Mjerumani hakuwa na kura mpaka Novemba 1918. Mwenye bucha ndiye mkubwa pekee aliyeweza kumfikia.

Mchangiaji wa tatu

Mmeng'ang'ania mkate, moto mmeusahau. Makaa ya mawe ya Ujerumani hayakuhitaji ushuru ili yawe ghali. Wenye migodi wa Ruhr, magharibi ya Ujerumani, waliunda umoja wao mwaka 1893, wakapanga bei pamoja. Nyumba nyingi za Berlin zilichoma vitofali vya makaa ya kahawia kutoka Lausitz, kusini-mashariki ya Berlin. Chumba kimoja na jiko, familia nzima, mara nyingi pamoja na mpangaji aliyekodi kitanda tu: jiko hilo hilo linapika viazi, linakausha nguo, ndilo joto pekee la nyumba. Mwenye uwezo alijaza stoo kabla ya baridi. Asiye nao alinunua kidogo kidogo, kama anayenunua mkaa kwa kopo, na kidogo kidogo daima ni ghali.

Sasa tazameni Moabit, Septemba 1910. Wapakia makaa wa kampuni ya Kupfer & Co. waligoma wakitaka fenigi 50 kwa saa badala ya 43. Kampuni ikaleta vibarua wa kuvunja mgomo, mikokoteni ikasindikizwa na polisi, mtaa ukalipuka siku kadhaa, watu wawili wakafa. Majirani walikuwa upande wa wagomaji. Hao ndio wanunuzi wa makaa! Walijua nyongeza ile ingeweza kurudi kwao kwenye bei, na bado wakatoka.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, ila ushuru haukwenda mfukoni mwa mamwinyi wote. Hazina ya serikali ya Ujerumani ilitegemea forodha, na sheria ya 1902 iliahidi sehemu ya ziada iende kwenye bima ya wajane na yatima.

Mleta mada

Hazina hiyo hiyo iliyokuwa ikijenga manowari tangu sheria za 1898 na 1900. Na bima unayoisifu inachangiwa na nani? Anayekula mkate mwingi kuliko nyama, naye ndiye maskini. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alishaonyesha mwaka 1857 kwamba kipato kikipungua, sehemu inayokwenda kwenye chakula inaongezeka. Ushuru wa chakula ni kodi inayomlemea zaidi mwenye kidogo.

Halafu hujanijibu, mkuu. Kama bei ya ushuru iliishia njiani isifike kwenye mkate, mamwinyi waliupigania wa nini?