FUNDI KAHARIBU BREKI HALAFU ANANIAMBIA NINA MGUU MZITO, TENA MBELE YA MAMA MKWE!!

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka gereji sasa hivi, mikono inatetemeka, na nisipoandika nitarudi kule na jeki mkononi.

Mnamjua. Simtaji, lakini watu wa Sinza mnamjua vizuri sana: yule wa chini ya mwarobaini, redio yake inapiga taarabu tangu asubuhi, na kila gari ukimpelekea anaanza kwa kusikitika, "Aisee, nani alikugusia hii?" Hata kama aliyegusa ni yeye mwenyewe wiki iliyopita.

Nilimpelekea Toyota IST yangu, pedali ya breki ilikuwa inaenda chini kidogo. KIDOGO. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu nje, chai yake haijapoa akawa ameshatoka. Elfu thelathini. Tena akasema ananihurumia.

Kweli, pedali ilipanda. Sasa hivi huikanyagi, unaifikiria tu, gari linasimama. Mende akikatiza pale chini abiria wote tunasujudu. Juzi nimepiga chafya barabara ya Shekilango, aliyekuwa nyuma yangu akashuka kuuliza kama kuna ajali.

Leo nampeleka mama mkwe stendi ya Magufuli kule Mbezi. Amekaa mbele, amevaa wigi jipya, kapakata hotipoti la vitumbua. Kufika Ubungo daladala ikachomekea. Mimi nimegusa pedali. NIMEGUSA. Wigi likafika kwenye kioo kabla ya mwenyewe. Vitumbua vingine mpaka naandika hapa sijaviona. Bajaji ya nyuma imetukosa kwa neema ya Mungu tu, na bodaboda akapita akipiga kelele, "Mzee, tairi la mbele linatoa moshi!"

Nikageuza gari hadi kwa fundi. Hakuliangalia gari, wakuu. Aliangalia miguu yangu. Akafuta mikono taratibu, akasema: "Bosi, gari halina shida. Wewe una mguu mzito."

Mguu mzito! Mimi! Mimi ambaye Coco Beach nikisimama upande wa bahari upepo unanirudisha barabarani! Na nilikuwa nimevaa NDALA!

Halafu mama mkwe, anatafuta wigi chini ya kiti, akaitikia: "Hata mimi nimeliona hilo tangu tunatoka nyumbani, mwanangu."

Mguu mzito. Mbele ya mama mkwe. Na mafundi wengine wote wakacheka, mpaka yule kijana wa kuziba pancha ambaye hata gari hajui linawashwaje.

---

Tajiri wa Kesho: Weka picha ya mguu tupime.

Mtoto wa Buguruni: Chai. Chai ya rangi, haina hata tangawizi. Mama mkwe gani anapanda beibi woka?

Mleta uzi: @Mtoto wa Buguruni wewe unapanda nini? Mwendokasi, tena umesimama mlangoni. Tulia.

Bi Shani wa Tabata: Nacheka jamani 😂😂 Vitumbua vilivyobaki vilikuwa vya nazi au vya kawaida?

Dereva Mstaafu: Kijana, huyo hakutibu ugonjwa. IST nyingi nyuma ni dramu, lile bakuli la chuma ambalo breki shuu zinalibana kwa ndani. Breki shuu zikilika, au ajasta ya kuzisogeza ikiganda kwa kutu, zinakuwa mbali na dramu, kwa hiyo pedali lazima itembee sana kabla hazijagusa. Ndiyo hiyo "inaenda chini" yako. Dawa ilikuwa kufungua nyuma, kusafisha, na kubana kwa kile kigurudumu chenye meno mpaka tairi likizungushwa kwa mkono likwaruze kwa mbali.

Yeye kachoka kufungua tairi. Kaingia chini ya dashibodi akairefusha fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye busta, ile inayouongezea mguu nguvu. Pedali imepanda, ndiyo, lakini ule mchezo wake wa juu, yaani nafasi ya kutembea bure kabla haijasukuma kitu, umekwisha. Toyota ndogo nyingi zinataka uwe milimita 1 hadi 6, unapima injini imezimwa na umeshakanyaga mara kadhaa kumaliza nguvu ya busta. Ukikosekana, busta inakuwa imeshaanza kusukuma kabla mguu haujafika. Pistoni ya masta silinda, ile pampu ya oili ya breki, nayo hairudi mpaka mwisho, kile kitundu cha kurudisha oili kwenye kopo kinabaki kimezibwa. Oili ikipata joto inatanuka, haina pa kwenda, breki zinajikamata zenyewe. Moshi wako wa Ubungo ndio huo.

Zikikamata tena, paki sehemu tambarare, weka mawe kwenye tairi, legeza ile swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedali. Pedali ikipanda zaidi na tairi zikaachia, umepata jibu: swichi ndiyo ilikuwa inaizuia pedali isirudi. Zisipoachia, legeza nati za masta silinda kidogo; tairi zikiachia hapo, fimbo ni ndefu. Zikigoma bado, fungua nipo, kile kiskurubu cha kutolea upepo, kwenye tairi lililokamata. Likiachia, oili ilikuwa imefungiwa huko juu. Likigoma, sasa ndiyo ushuke kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski. Na usiliendeshe hivyo, oili ikichemka hiyo pedali itakwenda mpaka sakafuni.

Mleta uzi: Mkuu asante, shikamoo. Lakini hoja hapa sio fimbo. Hoja ni MGUU. Kwa nini aangalie mguu?

Spana Mkononi: Mzee Dereva yuko sahihi ila asimalize kila kitu kwenye fimbo. Hii ya kukamata ghafla mara nyingi ni shuu zimelowa oili, silinda ya tairi inavuja. Nimefungua dramu nyingi nikakuta hivyo. Mtu anadhani shuu ikilowa itateleza, kumbe nyingine ndiyo inang'ata. Hiyo hausafishi kwa petroli wala hausugui kwa msasa, unatupa shuu na kubadilisha silinda. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, anzia hapo au kwenye kalipa.

Dereva Mstaafu: Spana, soma uzi. Tatizo limeanza baada ya fundi. Shuu zililowa saa ngapi, wakati anakunywa chai?

Spana Mkononi: Sawa mzee, nimekaa.

Mama Kijacho: Langu linakamata asubuhi tu, nikitoka getini. Naishi Kigamboni. Nikifika kivukoni liko sawa.

Spana Mkononi: Hiyo ni kutu ya usiku, unyevu wa bahari. Diski ikisuguliwa mara chache inaondoka. Wewe huna tatizo dada, usimpelekee mtu akakutengenezea.

Kaka wa Mbagala: Mleta uzi, swali la heshima. Umetoka kwenye manyuo karibuni? Kuna watu kwenye oto wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Mguu umezoea klachi, unashindilia tu. Fundi anaweza kuwa na hoja.

Mleta uzi: HANA HOJA. Kulia! Natumia mguu wa kulia! Na moshi je, nao umetoka kwenye mguu?

Mtoto wa Buguruni: Inategemea ndala uliinunua lini.

Tajiri wa Kesho: Bado tunasubiri picha.

Bi Shani wa Tabata: Afadhali wewe umeambiwa mguu. Mimi fundi wa friji kaniambia linagoma kwa sababu "nafungua sana mlango". Friji! Nisifungue mlango, nitoe maji kwa maombi?

Kaka wa Mbagala: Mimi niliuziwa breki pedi "orijino" Gerezani, boksi linang'aa. Wiki haijaisha zinalia barabara nzima ya Mandela, watu wanapisha wakidhani nina ving'ora.

Mama Kijacho: Mafundi wa magari wana nafuu. Ongeeni na fundi cherehani. Kitenge changu cha sendofu ya mdogo wangu kakata mkono mmoja mfupi, namuuliza, ananiambia nina bega la juu.

Bi Shani wa Tabata: Hahaha bega la juu!! Wangu aliniambia nimenenepa njiani nikija kuchukua nguo.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu ni wa breki.

Mama Kijacho: @Bi Shani wako yuko Kariakoo? Mrefu, ana futi shingoni, hapokei simu baada ya saa kumi?

Bi Shani wa Tabata: HUYO HUYO! Njoo inbox, na mimi kitenge changu bado kiko kwake.