Enzi za matanga meli za magendo ya silaha zilikuwa zinakamatwaje?

Mkaa_Gatini: Wakuu habari. Vita vya uhuru vya Marekani, wale jamaa baruti na bunduki walikuwa wanazitoa wapi wakati Muingereza ndo alikuwa na manowari kibao baharini? Na meli ikipeperusha bendera ya nchi nyingine unajuaje imebeba silaha? Mwenye kujua atiririke.

Nahodha Kombo: Mkuu, nyingi zilipitia Sint Eustatius, kisiwa cha Waholanzi huko Karibiani, kadogo kama kilometa za mraba 21 hivi. Uholanzi haikuwa vitani kwa hiyo meli kutoka Ulaya zinashusha pale, Wamarekani wanakuja kupakia, baruti inafichwa kwenye makasha ya chai na mapipa ya mchele. Manowari ikikusimamisha unatoa karatasi za Kiholanzi, na hapo bila kupekua mzigo mpaka chini kabisa hawapati kitu. Muingereza akachoka, Desemba 1780 akatangaza vita na Uholanzi, tarehe 3 Februari 1781 Admirali Rodney akatokea na manowari zake, kisiwani hata habari za vita hazijafika! Gavana de Graaff akasalimu amri siku hiyohiyo. Bandarini zilinaswa meli zaidi ya mia, halafu Rodney akaiacha bendera ya Uholanzi ipepee, wageni wakawa wanaingia wenyewe wanakamatwa.

Bi Shuna: Msimsifie sana jamani. Sheria za ngawira, yaani mali inayotekwa vitani, zilimpa admirali na manahodha fungu nono, ndo maana Rodney aliganda pale kisiwani miezi anahesabu mali. Wayahudi wa pale walikusanywa wakapasuliwa mpaka bitana za makoti kutafuta hela, wengine 30 wakasafirishwa bila familia zao kuambiwa, ule ulikuwa unyang'anyi tu na mbunge Edmund Burke alimsema bungeni Uingereza.

Mkaa_Gatini: Duh, asante Bi Shuna. Na ile mali ilifika?

Nahodha Kombo: Sehemu kubwa haikufika, Mei 1781 Wafaransa chini ya La Motte-Picquet waliuvamia msafara wa meli zilizokuwa zinaipeleka Uingereza wakachukua meli 22. Na wakati Rodney kashikwa na mali, admirali wa Kifaransa de Grasse alishaingia Martinique, kisiwa cha Wafaransa hukohuko Karibiani, na meli zake, na ndiye aliyewafungia Waingereza njia ya bahari mpaka wakasalimu amri Yorktown, huko Marekani, mwezi wa kumi. Novemba hiyohiyo Wafaransa wakakichukua na kisiwa chenyewe.