Chapta 7, Chapta 13 au kampuni za kupunguza deni? Nina ploti Kibaha na mchezo wa watu kumi

dereva_wa_I10
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Houston mwaka wa tisa sasa, mke na watoto wawili, tumepanga. 2021 bei za mizigo zilivyopaa nikaingia kichwa kichwa nikanunua lori kwa mkopo, bei ya kuruka, na nikasaini kwa jina langu mwenyewe. 2022 bei zikaporomoka, dizeli nayo juu, nikawa nalipa dizeli kwa kadi, tairi kwa kadi, mpaka siku moja wakaja kulichukua usiku, asubuhi naamka nakuta alama za tairi tu kwenye vumbi. Limeuzwa mnadani na bado wananidai 38,000. Kadi nne jumla 27,000, hospitali ya mtoto 6,000. Gari ya mke imebaki 12,000 na hiyo nalipa vizuri. Sasa naendesha lori la watu, mshahara upo ila simu za wadai ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku.

Nimeamua kufaili benkrapsi, yaani kuomba korti inisaidie na madeni, ila nataka kujipanga kwanza. Chapta 7 (korti inafuta madeni, mali isiyo na kinga inaweza kuuzwa), Chapta 13 (unalipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka kadhaa), au hizi kampuni zinazosema zitapunguza deni nusu? Na kuna mambo yananichanganya. Nina ploti Kibaha, 20 kwa 30, jina langu, mdogo wangu anasema nimhamishie fasta. Nina mchezo wa watu kumi, mia tano kila mwezi, tumefika wa tano na mimi zamu yangu ni ya nane. Shemeji alinikopesha 4,000 Januari, nilitaka rifandi ya kodi ikiingia nimlipe yeye kwanza maana ni aibu. Na kwenye 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, nina kama 9,000, nitoe nipunguze kadi?

mama_chapati_MN
Pole baba. Naanza na hizo kampuni kwa sababu mimi ndiyo zilinila. Walinipigia wakaniambia niache kulipa kadi zote, kila mwezi niweke 420 kwenye akaunti yao, zikijaa wataongea na benki. Nikaweka miezi kumi na nne. Kadi mbili walizimaliza kweli, tena wakachukua ada yao asilimia 25 ya deni lote sio ya kilichopungua, halafu kadi ya tatu ikanipeleka mahakamani wakati mimi nalipa kwao kila mwezi. Nawapigia wananiambia wao sio mawakili. Mwakani yake ikaja karatasi ya 1099-C, ile deni iliyosamehewa inahesabiwa ni mapato, ukatwe kodi. Nikaishia kufaili Chapta 7 na hiyo hela ya miezi 14 ingetosha wakili mara mbili na chenji inabaki.

NesiWaUsiku
Dereva, mimi nilifanya Chapta 7 hapa Dallas 2023, kadi na bili za hospitali. Kusema ukweli uoga ulikuwa mwingi kuliko kitu chenyewe. Wakili 1,600, korti 338, somo la ushauri wa madeni dola 25 nikalifanya kwa simu nikiwa brek kazini (lazima ulifanye ndani ya siku 180 kabla ya kufaili, na wawe wale walioidhinishwa, usikamatwe na matapeli), halafu kuna somo lingine baadaye. Mkutano na trastii (msimamizi wa kesi anayekagua mali zako) ulikuwa kwa Zoom, nilivaa koti juu na pajama chini, dakika saba. Akaniuliza, umeorodhesha kila kitu? Una mali nje ya Marekani? Hiyo ya pili aliiuliza polepole akiangalia jina langu. Nikasema ndiyo, nusu ekari Kitengela, ukurasa fulani. Akasema asante. Basi. Miezi minne kila kitu kimeisha, na siku ile ile ya kufaili simu zikakata kama umezima stima.

Ubaya wake: inakaa kwa rekodi ya kredit miaka 10, na huwezi pata Chapta 7 nyingine mpaka miaka 8 ipite.

mtu_wa_pwani
Kwani hao wataijuaje ploti ya Kibaha? Satelaiti? Mwandikie dogo kijana, kimya kimya, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

mzee_wa_kodi
@mtu_wa_pwani acha kumponza mwenzio. Ile fomu inasainiwa kwa kiapo na inasema mali popote ilipo duniani, sio popote Texas. Ukihamisha mali ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili kwa nia ya kuificha, jaji anakunyima kufutiwa madeni, unabaki na deni zote na kesi imeshafungwa. Ukidanganya kwenye kiapo ni kosa la jinai, mpaka miaka mitano jela, na kwa mtu mwenye grinikadi hiyo ndiyo inayokula uhamiaji wake. Kufaili kwenyewe sio kosa na hakumnyang'anyi mtu makaratasi, uongo ndio unaomnyang'anya. Na usifikiri wanahitaji satelaiti, hela alizokuwa anatuma kwa fundi Kibaha zimo kwenye steitimenti za benki, na steitimenti wataziomba.

Sasa dereva nisikilize, mimi si wakili, natayarisha watu kodi mwaka wa 17 na wengi wanapitia kwangu kabla hawajaenda kwa wakili. Kwanza ploti yako huenda hata haiguswi. Texas wanakuruhusu uchague orodha ya mali unazobaki nazo, ya jimbo au ya serikali kuu, ilimradi umeishi hapa miaka miwili. Wenye nyumba huwa wanachukua ya jimbo kwa sababu inalinda nyumba vizuri sana. Wewe umepanga, kwa hiyo ile ya serikali kuu inaweza kukufaa zaidi, ina kifungu cha kulinda chochote unachotaka, 1,675 na juu yake mpaka 15,800 ya kinga ya nyumba ambayo hukuitumia, hizo ni namba za kuanzia Aprili 2025. Ploti ya Kibaha ina thamani gani?

dereva_wa_I10
Madalali wanasema milioni 18 mpaka 20. Ina msingi na mkorosho mmoja basi.

mzee_wa_kodi
Ndiyo hiyo, dola 7,000 na ushee. Inaingia humo, na mchezo wako unaingia humo, na rifandi labda nayo. Ulikuwa unataka kuficha kitu ambacho sheria inakuachia.

Mchezo uko hivi. Umechanga mara tano, hujapokea, maana yake watu wanakudai sifuri na wewe unadai 2,500, hiyo ni mali yako unaiandika. Ingekuwa umeshapokea ingekuwa kinyume, wenzako ambao hawajapokea ni wadai wako, majina yao yanaingia kwenye fomu na wanapokea barua ya korti, hebu fikiria kikao cha mchezo siku hiyo.

Shemeji USIMLIPE. Najua inauma. Malipo kwa ndugu wanaangalia mwaka mzima nyuma, kwa wadai wengine siku 90. Shemeji anahesabika ndugu. Ukimpa 4,000 leo ukafaili mwezi wa saba, trastii anamwandikia barua shemeji azirudishe, na asiporudisha anamshtaki. Aibu ya kumchelewesha shemeji na aibu ya shemeji kushtakiwa ipi kubwa? Deni lake liandike kama mengine, na ukishamaliza kesi hakuna anayekukataza kumlipa kwa hiari yako.

401(k) usiiguse hata dola moja. Iko salama kwenye benkrapsi, wadai hawaigusi. Ukiitoa unakatwa kodi na faini ya asilimia 10 kama hujafika miaka 59 na nusu, halafu unawapa watu wa kadi ambao wangefutwa bure. Kila mwaka naona mtu amefanya hivyo.

wa_pili_toka_mwisho
Mimi niko upande wa Chapta 13, Atlanta, mwaka wa tatu sasa, naongezea ili asidhani 7 ni ya kila mtu. Nilikuwa nimechelewa malipo ya nyumba miezi mitano, wanataka kuiuza. Chapta 7 ingesimamisha kidogo tu halafu nyumba inaenda. 13 imeniwacha nalipa ile arieri polepole, 1,140 kila mwezi kwa trastii, miaka mitano, inakatwa moja kwa moja kwa mshahara. Nyumba ninayo. Ila maisha ni ya kuomba ruhusa. Gari iliharibika transmisheni, kununua ingine kwa mkopo lazima korti ikubali, wiki sita napanda basi.

Kitu kingine watu hawasemi, mimi mkopo wa gari binamu yangu alinisainia. Kwa 13 wadai wa deni kama hilo hawawezi kumrukia aliyekusainia wakati unalipa. Kwa 7 wewe unatoka, wanageuka kwake. Dereva, kuna mtu amesaini na wewe mahali?

dereva_wa_I10
Hapana, lori nilisaini peke yangu. Tatizo langu lingine, mshahara wa sasa mzuri, na mke anafanya kazi nesingi homu. Nimesikia ukizidi kipato hawakupi Chapta 7.

mzee_wa_kodi
Huo ndio mtihani wa kipato, wanachukua wastani wa miezi sita kamili kabla ya mwezi unaofaili, wa nyumba nzima, wanalinganisha na kipato cha kati cha jimbo kwa familia ya watu wanne. Kwa hiyo mwezi wa kufaili una maana, kama ulikuwa na bonasi au ovataimu nyingi Desemba, kusubiri itoke kwenye ile miezi sita ni halali kabisa, mwambie wakili ahesabu.

Lakini wewe una kitu ambacho wengi hawana. Mtihani huo ni wa watu ambao deni zao kubwa ni za matumizi ya nyumbani. Zikizidi nusu za biashara, haukuhusu. Umesema lori 38,000 kati ya 87,000 ukiweka na la shemeji, hapo haijafika nusu. Sasa zile kadi, dizeli na tairi ilikuwa kiasi gani?

dereva_wa_I10
Duh. Nimepitia steitimenti usiku kucha. Kadi mbili ni dizeli tupu, na ile ya tatu tairi nane. Inafika 15,000 na zaidi.

mzee_wa_kodi
53 kwa 87, imezidi nusu. Printi hizo steitimenti, piga mstari kila dizeli kwa kalamu ya njano, nenda nazo kwa wakili hivyo hivyo. Anayekuambia Chapta 13 kabla hajaziangalia mtafute mwingine.

bukavu_desmoines
Bandugu jambo. Mimi niko Iowa tangu 2016, nilifaili mwaka uliopita. Kingereza yangu haiko sana, niliogopa ile mkutano ya trastii. Wakili akaniambia kuna mkalimani kwa simu, haulipi kitu, unaomba tu mbele. Walinipatia mama mumoja wa Kiswahili, alisema Kiswahili safi ya Tanzania, na mimi yangu ya Bukavu, tulisikilizana tu. Kitu ilinisumbua ni franga nilikuwa natumia mama. Fomu inauliza zawadi yote yenye kupita dola 600 kwa mutu mumoja, miaka mbili ya nyuma. Mimi nilikuwa natuma 200 kila mwezi, haya hesabu.

NesiWaUsiku
Hiyo ya mama hata mimi, 4,800 kwa miaka miwili, niliandika "msaada kwa mama, matibabu ya sukari". Weka risiti za ile apu ya kutumia pesa, zote, usifute. Kama mzazi ni mgonjwa au mzee na umekuwa ukimsaidia kila mwezi, wakili anaweza kuiingiza kwa bajeti yako kama gharama ya lazima. Lakini lazima iwe ilikuwepo kabla, usianze kutuma leo ukidhani ni ujanja.

Na lingine la kujipanga ambalo liliniokoa: akaunti yako iko benki moja na mkopo unaodaiwa? Fungua nyingine kwingine, mshahara uende huko. Wanaweza kujichukulia wenyewe kutoka akaunti yako kufidia deni lao. Hapa Texas hawakati mshahara kwa deni la kadi, lakini wakishinda kesi wanafunga akaunti, na mshahara ukishaingia benki ni pesa kama pesa ingine.

mama_chapati_MN
Na acha kadi kabisa leo. Vitu vya anasa ndani ya siku 90, na keshi ya kadi ndani ya siku 70, zikizidi kiwango wanasema ulikopa ukijua hulipi, hiyo haifutwi.

dereva_wa_I10
Rifandi imeingia asubuhi hii, 4,800. Nifanyeje, nimwachie trastii?

mzee_wa_kodi
Lipa wakili. Lipa kodi ya nyumba ya mwezi huu, chakula, breki za gari ya mke kama zinalia. Vitu vya lazima, risiti kwenye bahasha moja. Usimpe shemeji, usitume Kibaha, usinunue TV. Ikibaki kitu kiandike.

dereva_wa_I10
Wakuu nimetoka kwa wakili sasa hivi. Ameziangalia zile za njano akacheka, anasema Chapta 7, tufaili mwezi wa nane. Shemeji nimemwambia ukweli, kanuna, lakini kasema bora nimwandike kuliko aitwe kortini. Mama kanitumia picha ya hati kwa WhatsApp, imekunjwa mara nne imetoka kwenye sanduku la khanga, namba ya ploti inasomeka kwa shida. Wakili anataka makadirio ya madalali wawili kwa maandishi. Swali la kijinga, ule mkorosho nao niuandike?

mzee_wa_kodi
Umeota juu ya ploti, bei yake imo humo humo. Ila mama akiuza korosho asikutumie hela mpaka tumalize.