Mjadala: Dario alimuua laghai au mwana wa Koreshi?

Mleta mada: Wakuu, Koreshi, mfalme wa Uajemi, alikufa 530 KK, mwanawe Cambyses akarithi na kuiteka Misri 525 KK. Mwaka 522 KK, Cambyses akiwa bado mbali na nyumbani, mtu aliyejitambulisha kuwa mdogo wake Bardiya akatwaa kiti. Cambyses akafa kabla ya kurudi. Septemba, Dario, aliyekuja kuwa mfalme, na wenzake sita wakamuua huyo Bardiya katika ngome ya Sikayauvatish, katika nchi ya Umedi. Kwenye mwamba wa Behistun, huko Iran ya leo, Dario akachonga kwamba aliyemuua ni majusi (kuhani) laghai aitwaye Gaumata, eti Bardiya halisi aliuawa zamani kwa siri na kaka yake. Siamini. Alimuua mwana wa Koreshi.

Mchangiaji wa pili: Napinga. Hata Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia habari za laghai: majusi huyo alikuwa amekatwa masikio, na mkewe, binti wa Otanes mmoja wa wale saba, akampapasa kichwa usiku akiwa usingizini, akakuta hana masikio, siri ikafichuka. Mashahidi wawili, jambo moja.

Mleta mada: Shahidi ni mmoja, mkuu. Dario aliyasambaza maandishi yale. Nakala ya Kiaramu ilipatikana Elephantine huko Misri. Wagiriki walipokea habari ya ikulu. Tena wanagongana: Dario anasema Bardiya aliuawa kabla ya safari ya Misri, Herodotus anasema alikuwa Misri, akarudishwa nyumbani, ndipo akauawa. Na mtoto wa mfalme anauawaje, dada zake wasijue kwa miaka yote hiyo?

Mchangiaji wa tatu: Wengi hukimbilia mabamba ya udongo ya Babeli, ambako mikataba ya Aprili hadi Septemba 522 KK imeandikwa tarehe kwa jina la Barziya, yaani Bardiya. Hapo tuwe waangalifu. Mwandishi wa mkataba aliandika jina la mfalme aliyetangazwa. Bamba linathibitisha alitawala, halisemi alikuwa nani. Mimi naona uzito kwenye nasaba. Dario anadai wanane wa ukoo wake walikuwa wafalme kabla yake, yeye wa tisa. Lakini maandishi yake ya Susa, mji wa ikulu yake, yanakiri kwamba alipotawazwa, baba yake Hystaspes na babu yake Arsames walikuwa hai wote wawili. Kama kiti kilikuwa haki ya ukoo, wazee hao walirukwaje? Kisha akawaoa Atossa na Artystone, mabinti wa Koreshi, na Parmys, binti wa Bardiya mwenyewe.

Mchangiaji wa pili: Ndoa zinaonyesha alihitaji uhalali, hazionyeshi alimuua nani. Na msimsahau Vahyazdata, aliyeinuka Uajemi baadaye akidai yeye ndiye Bardiya. Huyo alikuwa mwongo kwa hesabu yoyote ile. Basi kujifanya Bardiya kuliwezekana.

Mleta mada: Kuliwezekana kwa sababu Waajemi hawakuwa wameuona msiba wake. Dario anajisifu kwa vita 19 na wafalme 9 waliokamatwa ndani ya mwaka mmoja. Aliyeiokoa nchi mikononi mwa laghai anaasiwa hivyo?

Mchangiaji wa pili: Babeli walimfuata aliyejiita Nebukadneza, Umedi aliyejiita wa ukoo wa Cyaxares, mfalme wao wa zamani. Walitaka wafalme wao, si Bardiya.

Mleta mada: Kwa Babeli na Umedi nakubali. Uajemi je? Dario mwenyewe anakiri kwamba jeshi la Waajemi waliokuwa ikulu lilimwacha likaenda kwa Vahyazdata. Hao walikuwa watu wa nyumba ya Koreshi, na jina lililowavuta ni la Bardiya.