Melanoma ya unyayo, sasa figo: CT scan ipigwe vipi?

OPD_Kirumba: Wakuu, salaam. Mama wa makamo kutoka Ukerewe, aliwahi kukatwa melanoma (saratani ya chembe za rangi ya ngozi) ya unyayo. Altrasaundi imeonyesha kinundu cha sm 1.4 kwenye figo ya kushoto. CT scan ikapigwa mara moja tu, sekunde 35 baada ya dawa ya mshipani ya kung'arisha picha. Ripoti: figo salama. Mkojo una damu kidogo. Tuiamini?

Mionzi_Ziwa: Msiiamini bado. Sekunde 35 ni mapema mno kwa figo: dawa imejaa sehemu ya nje, ya ndani bado giza, na kinundu kidogo kinapotelea kwenye giza hilo. Rudieni hivi: picha kavu (kabla ya dawa), kisha sekunde 90 hadi 100 figo yote ikiwa imeng'aa sawasawa. Kwa sababu ya damu, ongezeni ya dakika 5 hadi 10 mwone njia ya mkojo. Vipande visizidi mm 3. Dawa ml 1.5 kwa kilo, hivyo mtu wa kilo 60 apate ml 90. Kanyula (mrija wa mshipani) ya pinki inatosha kwa ml 3 kwa sekunde.

Halafu pimeni Hounsfield (namba ya mng'ao kwenye CT) ya kinundu kwenye picha kavu na ile ya sekunde 100, kiduara cha kupimia kikae palepale, mbali na kingo. Ikipanda zaidi ya 20, hicho ni kinundu cha nyama, si mfuko wa maji. Kati ya 10 na 20 haisemi kitu, hasa kinundu kikiwa chini ya sm 1.5, maana mng'ao wa figo jirani humpandishia namba hata mfuko wa maji mtupu.

Daktari_Nyamagana: Naongezea: mafuta yanayozunguka figo yasomwe pia. Melanoma hupenda kutua humo, na anayekagua figo peke yake anavipita vinundu hivyo. Figo ya pili nayo isiachwe. Damu ya mkojo msiisukumie kichocho haraka. Cha mkojo kiko zaidi mbali na ziwa, Misungwi na Kwimba, cha mwambao wa ziwa kwa kawaida ni cha tumbo.

OPD_Kirumba: Asanteni. Kriatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) haijapimwa. Ikiwa mbaya?

Mionzi_Ziwa: Ipimwe Nansio, hukohuko Ukerewe, kabla hajapanda meli, asije akarudishwa mlangoni. eGFR (kasi ya figo kuchuja, hukokotolewa kwa kriatinini) ikiwa chini ya 30, fikirieni MRI (picha ya sumaku) bila dawa. Melanini, rangi ya melanoma, hung'aa kwenye T1 (aina moja ya picha za MRI), ila damu iliyovia nayo hung'aa, na zipo melanoma zisizo na rangi kabisa. Kwa hiyo kukosa mng'ao hakumwachii mgonjwa huru. PET (picha ya sukari yenye mionzi) hapa haisaidii sana, sukari hiyo hutolewa mwilini kupitia figo na kufunika kila kitu.

Daktari_Nyamagana: Na ikiwa kinundu ni hicho kimoja tu, chukueni biopsi (kipande cha kupima), kwani kinaweza kuwa saratani iliyoanzia kwenye figo na tiba yake ni nyingine. INR na chembe sahani (vipimo vya kuganda kwa damu) kwanza, figo huvuja damu. Kwenye fomu ya maabara andikeni historia ya unyayo, muombe S100, HMB-45 na Melan-A, vipimo vya kutambua melanoma kwenye kipande. Bila historia hiyo hakuna atakayezipima.