Tupeane uzoefu: kuongeza nguvu kwenye injini ya silinda nne

Altezza wa Temeke
Wakuu, salaam. Mliokwishagusa injini zenu za silinda nne ili zipate nguvu zaidi, karibuni. Taja injini, petroli unayotumia na mji ulipo, kisha eleza ulianza na nini, ukafuata na nini. Ninavyoona mimi, mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama injini itadumu.

Nianze. Yangu ni 3S-GE ya Altezza RS200, lita 2 bila tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Toyota waliitoa na nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, kompresheni (kiasi pistoni inavyobana mchanganyiko wa hewa na mafuta) 11.5 kwa 1. Hao ni farasi 105 kwa kila lita, yaani kiwanda kilishakamua karibu kila kilichokuwepo. Kwa hiyo sikuanza na manunuzi. Fundi alipima kompresheni ya silinda zote, akasafisha sensa ya hewa, akabadilisha plagi. Gari lililotembea zaidi ya miaka 20 limeshapoteza farasi kadhaa njiani, na kuwarudisha hao ni nafuu kuliko kutafuta wapya. Baadaye ndipo nikafunga manifodi nyingine ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini). Ukipita mizunguko 5,000 inavuta vizuri sana. Kwenye mizunguko ya chini nguvu imepungua kidogo, na kwenye foleni ya Barabara ya Mandela unalisikia hilo.

EJ20 Nairobi
Shukrani kwa uzi, mkuu. Huku kwetu mwinuko unabadilisha hesabu yote. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Yangu ni Subaru Impreza ya tabo. Tabo inafidia, ila inafidia kwa kuzunguka kasi zaidi. Ukipandisha msukumo wa hewa wa tabo kama anavyopandisha mtu wa Mombasa, aliye usawa wa bahari, unaifikisha mahali inapozidi kupasha hewa moto tu.

Halafu petroli. Ramani ya mafuta na cheche (mipangilio ya kompyuta ya injini) iliyokuja na gari kutoka Japani ilipangwa kwa petroli ya huko, okteni 100 (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe). Pampu zetu za kawaida hazifiki hapo. Injini inaanza kugonga: sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu, na kwenye EJ (injini za Subaru kama yangu) silinda namba 4 ndiyo huumia mara nyingi. Mimi nilitanguliza kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi, kisha ramani ikapangwa upya kwa petroli ya hapa: cheche zikacheleweshwa kidogo, msukumo ukashushwa. Gari likawa tulivu, na linavuta kwa namna unayoweza kuitegemea ukipanda kwenda Limuru.

Wenye EJ za AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), kagueni kichujio kidogo kilichomo ndani ya bolti ya bomba la oili liendalo kwenye tabo. Kikiziba, tabo inakosa oili na kufa.

Tuliokulia kwenye Safari Rally tunakumbuka dereva Colin McRae akishinda 1997 na Impreza. Magari yale yalibanwa na kizuizi cha hewa cha milimita 34 mbele ya tabo, hivyo wahandisi walitafuta mvuto wa mizunguko ya chini. Kwa barabara zetu, naamini huko ndiko kwa kufuata.

Lancer wa Arusha
Injini ya 4G63 ya Mitsubishi hapa. Bloku yake ni ya chuma, inavumilia msukumo, na ndiyo maana watu wanakimbilia tabo kubwa. Mimi nasema belti kwanza. Zipo mbili: ya taimingi, inayopanga valvu na pistoni zisigongane, na ndogo ya shafti za mizani, zinazopunguza mtetemo. Ile ndogo ikikatika inaweza kuvutwa ndani ya kubwa, valvu zikagonga pistoni. Badilisha zote mbili kabla ya kufikiria farasi.

IST Morogoro
Naomba ushauri, kaka zangu. Nina Toyota IST, injini 1NZ-FE ya lita 1.5. Garaji moja wanasema watanifungia tabo kwa nozeli (vipulizia mafuta) zile zile za kiwandani. Jirani yangu alifungiwa hivyo, pistoni ikatoboka.

Altezza wa Temeke
Usikubali, mdogo wangu. Piga hesabu: hewa ya kawaida ni kama bar 1. Ukiongeza msukumo wa bar 0.5, injini inavuta karibu mara moja na nusu ya hewa, na mafuta lazima yaongezeke kwa kiasi hicho hicho. Nozeli ndogo hazifikishi, mchanganyiko unakosa mafuta, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Na kompresheni ya 1NZ ni 10.5 kwa 1, tayari iko juu kwa tabo. Nozeli, pampu ya mafuta, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na ramani mpya viingie pamoja. Kama fedha inatosha tabo peke yake, iweke kwanza kwenye breki na tairi.

Lancer wa Arusha
Na kabla hajalipa chochote, apime kompresheni. Leta namba za silinda zote nne hapa tuzione.