Commodore 64: taa inawaka, skrini nyeusi

Swali (Mikindani): Ndugu mafundi, kompyuta ya Commodore 64 ya marehemu baba, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inawasha taa nyekundu lakini televisheni haionyeshi kitu. Nianzie wapi?

Jibu (Lindi): Ndugu yangu, tafadhali usiiwashe tena kabla ya kupima adapta kwa multimita (kipima umeme), kwani adapta hizo zikichakaa huweza kupandisha ule umeme wa volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ikivuka volti 5.25, usiitumie kabisa.

Jibu (Masasi): Naunga mkono. Kwa kuwa uko pwani, kagua pia miguu ya chipu zilizo kwenye soketi, maana chumvi huila. Isafishe kwa spiriti.

Muulizaji: Nashukuruni sana. Adapta inatoa volti 6.1, hivyo natafuta nyingine kwanza.